Staring ni nani? Jambazi wa kwanza kuongea kwenye muvi ya kauboi, na "majangili" wa Ukambani

Staring hafi. Hiyo sheria kila mtu aliyekulia kwa kibanda cha video anaijua, iwe ni Mwingi, Wote ama Mtito Andei. Risasi zitapita, gari italipuka, maadui hamsini wataanguka kama maembe ya Desemba, lakini yule msee aliye kwa posta atatoka na mkwaruzo mmoja tu kwa shavu. DJ Afro amejenga jina kwa kutusimulia muvi hivyo hivyo: mapema tu unaonyeshwa staring ni nani na adui ni nani, halafu unatulia na miwa yako.

Swali lenye hatuulizi ni hili: nani huamua? Mbona wasee wawili wanaweza kufanya kitu kile kile, mmoja akashangiliwa na mwingine akaitwa mwizi?

Kuna muvi moja ya zamani, ina karibu miaka mia, yenye inaonyesha kazi hiyo ikifanywa mchana kweupe. Inaitwa In Old Arizona. Na ukishaona ujanja wake, hutaangalia tena historia ya Kitui na Makueni vile ulikuwa unaiangalia.

Muvi iliyofanya kauboi aongee

Rudi 1927. Muvi hazina sauti. Watu wanachezesha midomo, maneno yanaandikwa kwa skrini, na kwa ukumbi kuna mtu anapiga piano. Oktoba mwaka huo The Jazz Singer inatoka, mtu anaimba na kuongea kwa skrini, na Hollywood inapagawa. Kila studio inataka sauti.

Lakini kulikuwa na ngori. Kamera za wakati huo zilikuwa na kelele kama posho mill, kwa hivyo zilifungiwa ndani ya vibanda ili maikrofoni zisizisikie. Waigizaji nao walilazimika kusimama karibu na maikrofoni iliyofichwa kwa maua. Matokeo yake ni muvi za watu wamesimama sebuleni wakipiga story. Wengi waliamini muvi za kauboi zimeisha, kwa sababu utarekodi aje farasi anayekimbia jangwani?

Studio ya Fox ilikuwa na mfumo unaoitwa Movietone, ambao uliandika sauti kwa mwanga pembeni ya filamu yenyewe, badala ya kutumia santuri ya kando. Fox tayari walikuwa wanautumia kurekodi habari nje, barabarani, wakiwa na gari la mitambo. Mwelekezi Raoul Walsh akaona hiyo ndiyo njia: toa gari, peleka jangwani, ficha maikrofoni kwa vichaka, piga muvi.

Walsh mwenyewe alikuwa anataka kuelekeza na pia kuwa staring. Halafu 1928, akiwa kwa gari usiku huko Utah, sungura mkubwa akaruka akavunja kioo cha mbele. Vipande vikamwingia Walsh, akapoteza jicho la kulia. Akavaa kiraka maisha yake yote. Irving Cummings akaitwa amalizie kuelekeza, na nafasi ya staring ikaenda kwa Warner Baxter.

Muvi ilionyeshwa mara ya kwanza Los Angeles siku ya Krismasi 1928, halafu Januari 1929 ikasambaa. Watu walienda kusikia vitu vidogo: kwato za farasi zikififia mbali, nyama ikikaangika kwa kikaango. Leo unaweza cheka, lakini hakuna aliyekuwa amesikia hivyo vitu kwa ukumbi wa sinema. Baxter akashinda Oscar ya mwigizaji bora.

Vile muuaji alioshwa

Sasa ingia kwa story. Staring anaitwa Cisco Kid. Kazi yake ni wizi. Anasimamisha gari la farasi, anachukua sanduku la pesa la kampuni, lakini abiria hawagusi. Ni mcheshi, ni mtanashati, anaimba. Serikali imeweka dola 5,000 kwa kichwa chake na sajini wa jeshi anayeitwa Dunn ametumwa amshike. Cisco ana mpenzi, Tonia Maria. Sajini naye anamtongoza Tonia, na wawili hao wanapanga kumuuza Cisco. Cisco anasikia kila kitu. Anaandika barua feki inayomfanya sajini aamini kwamba mtu aliyevaa nguo za Tonia ndiye Cisco amejibadilisha. Sajini anapiga risasi gizani. Anayeanguka ni Tonia mwenyewe. Cisco anapanda farasi, anaenda zake.

Watu kwa ukumbi walimshangilia.

Hapo ndipo inakuwa noma. Hii story ilitoka kwa hadithi fupi ya O. Henry, The Caballero's Way, ya 1907. Na kwa hadithi hiyo Cisco Kid si mcheshi hata kidogo. Ni kijana katili anayeua watu kwa sababu yoyote ile. Mtego wa nguo na barua uko hivyo hivyo, na msichana anakufa hivyo hivyo. Lakini O. Henry hakutaka umpende huyo msee. Alitaka damu yako igande.

Basi Hollywood ilibadilisha nini? Si tendo. Ilibadilisha sababu, na zaidi sana ilibadilisha msichana. Kwa hadithi, Tonia anampenda yule askari kwa dhati, na anaogopa jambazi. Kwa muvi, Tonia anataka zile dola. Ukishamfanya msichana kuwa msaliti wa pesa, yule aliyemtegea kifo anaonekana kama aliyelipiza tu. Ongeza wimbo mmoja mtamu, mpe tabasamu la Baxter, acha abiria wabaki na mifuko yao. Muuaji ameoga, amevaa, ni staring.

Mwaka uliofuata studio ya MGM ikafanya hivyo hivyo kwa mtu halisi. Billy the Kid ya 1930, iliyoelekezwa na King Vidor, ni kuhusu kijana aliyeishi kweli na kuuawa kweli: karao Pat Garrett alimpiga risasi Fort Sumner, New Mexico, usiku wa 14 Julai 1881, akiwa na miaka 21. Lakini kwa toleo lililoonyeshwa Marekani, Garrett anamwacha Billy ahepe na mpenzi wake. Historia ilikuwa imemzika karibu miaka 50. Muvi ikamfufua, kwa sababu staring hafi.

Kwa hivyo jibu la kwanza ni hili: jambazi hawi staring kwa sababu ya alichofanya. Anakuwa staring kwa sababu kamera iko upande wake, na imetupa muda wa kumjua kabla ya risasi ya kwanza.

Kamera ikafika huku, lakini upande mwingine

Sasa tupande basi la Mombasa Road.

Ukiangalia vizuri, Ukambani iko na kila kitu cha muvi ya kauboi. Reli iliyokatiza nyika mwisho wa karne ya 19, na stesheni kama Kibwezi na Makindu katikati ya pori. Ng'ombe. Ukame. Vilima vya mawe. Yatta, ule uwanda wa lava uliolala kama nyoka kwa karibu kilomita 300. Na serikali ya wageni ikichora mipaka juu ya watu waliokuwepo.

Hollywood yenyewe ilifika Afrika Mashariki miezi michache tu baada ya Cisco Kid kuongea. Mwaka 1929 MGM walileta kikosi kizima kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931 na kuteuliwa kwa Oscar ya filamu bora. Anayebeba bunduki ya mzungu kwenye hiyo muvi, mtu anayeitwa Renchero, aliigizwa na Mutia Omoolu. Jina Mutia, mtu wa Kitui hahitaji kuelezwa. Huyo msee alipelekwa hadi California kumalizia kurekodi. Lakini angalia kazi aliyopewa: kubeba bunduki ya staring. Si yeye wa kuipiga, na story si yake.

Miaka 20 baadaye, 1951, Waingereza wakaja na Where No Vultures Fly, iliyopigwa hapa hapa Kenya. Staring ni mzungu anayeanzisha mbuga ya wanyama, mhusika aliyejengwa juu ya Mervyn Cowie, mkurugenzi wa kwanza wa mbuga za taifa za Kenya. Maadui ni watu wa biashara haramu ya pembe za ndovu. Filamu ikaonyeshwa London mbele ya familia ya kifalme. Imefuata formula ya kauboi kabisa: mtu mmoja mwema, nchi kubwa, sheria inaletwa kwa pori. Tofauti ni kwamba mara hii kamera iko nyuma ya anayeleta sheria, na yule anayewinda hatuingii nyumbani kwake hata dakika moja.

Wawindaji wawili

Tuingie basi, kwa sababu kamera haikuingia.

Kabla mkoloni hajafika, pembe za ndovu zilikuwa biashara halali ya Wakamba. Misafara ilitoka Kitui hadi Mombasa. Mmisionari Krapf alipofika Kitui 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivui wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa ambaye jina lake lilijulikana mbali sana. Upinde na mshale wenye sumu ilikuwa kazi ya fundi, na mwindaji mzuri aliheshimiwa kijijini kama vile leo unaheshimu mtu mwenye lori tatu.

Halafu zikaja sheria za wanyama. Kuwinda kukataka leseni, na leseni ilikuwa ya mzungu mwenye doh. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikatangazwa. Watu wa Kitui Kusini, pande za Ikutha na Mutha, na wale wa Kibwezi na Mtito Andei, wakajipata wamepakana na mstari ambao kuuvuka na upinde ni jela. Kati ya 1956 na 1958 kukawa na oparesheni kubwa dhidi ya wawindaji Wakamba na Wawaata, ikiongozwa na walinzi wa mbuga kama David Sheldrick na Bill Woodley. Wengi walifungwa. Mtu akalala akiwa mwindaji, akaamka akiwa jangili, na hakuna kitu alichobadilisha isipokuwa kalenda.

Sasa shika hii. Miaka michache tu kabla ya hapo, serikali iliamua kufungua ardhi ya Makueni ili Wakamba waliobanana kwa vilima wahamishiwe huko. Pori lilikuwa na mbung'o, na lilikuwa na vifaru. Akatumwa mwindaji wa serikali, Mskoti kwa jina J. A. Hunter. Kati ya 1944 na 1946 aliua vifaru 996 pande hizo.

Soma tena hiyo nambari. Karibu vifaru elfu moja, ndani ya Makueni, kwa mshahara. Huyo hakuitwa jangili. Aliandika vitabu, akawa maarufu, na hoteli yake pale Kiboko bado inaitwa Hunter's Lodge. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa unaipita ukiwa na mahindi ya kuchoma mkononi.

Hapa hatusemi ujangili ni poa. Ule wa miaka ya 1970 na 1980, wa bunduki za kivita na magenge ya kuuza ng'ambo, ulikaribia kumaliza ndovu wa Kenya. Ndiyo maana uwindaji wote ulipigwa marufuku 1977, na 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe mbele ya dunia nzima. Kifaru aliyekufa kwa leseni na aliyekufa kwa mshale wote wamekufa. Lakini kama vifo ni vile vile, basi kinachotofautisha shujaa na mhalifu si kifo. Ni nani ameshika kalamu na kamera.

Ng'ombe wa 1938

Kuna story nyingine ambayo ingekuwa muvi safi kabisa, na hii haina hata haja ya kuosha mtu.

Miaka ya 1930, serikali ya mkoloni ilisema Wakamba wana ng'ombe wengi mno na ardhi inamomonyoka. Haikusema sana kwamba watu walikuwa wamebanwa kwa vilima huku malisho mazuri yakichukuliwa na walowezi. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mwaka 1938 maafisa wakaanza kukamata mifugo kwa lazima na kuipiga mnada katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo.

Ukimwambia Mkamba wa 1938 ng'ombe ni nyama tu, unamtusi. Ng'ombe ilikuwa akiba, mahari na bima ya ukame. Ni kama mtu aingie kwa M-Pesa yako akuambie salio ni kubwa mno kwa afya yako.

Samuel Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani, akawa sauti ya waliokataa. Mwezi Julai 1938, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona gavana, Robert Brooke-Popham. Wakapiga kambi jijini, wiki baada ya wiki, wakisema hawarudi nyumbani hadi wasikizwe. Hakukuwa na fujo. Kilichoitia serikali kiwewe ni hiyo nidhamu, na pia kwamba Wakamba walikuwa wengi sana kwa jeshi na polisi.

Muindi akashikwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Hakuiba kitu. Hakuua mtu. Alifukuzwa kwao kwa kukataa ng'ombe za watu kuchukuliwa. Lakini kabla mwaka haujaisha, serikali ililegeza kamba na kuachana na ule uuzaji wa lazima. Muindi akabaki Lamu hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Mlinganishe na Cisco Kid. Mmoja anaiba sanduku la pesa, anamtegea mpenzi wake kifo, anapewa wimbo na Oscar. Mwingine anatembea na watu wake hadi mjini kudai mali yao, anapewa meli ya kwenda Lamu. Leo ana barabara, Muindi Mbingu Street, ile ya City Market. Maelfu wanaipita kila siku wakitafuta mutura ama matatu ya kwenda nyumbani. Waulize kumi, uone wangapi watakuambia huyo alikuwa nani.

Kwa nini inajalisha

Mkoloni alijua nguvu ya muvi kuliko vile sisi tunaijua. Kenya ilikuwa na ukaguzi wa filamu mapema, na kuna filamu Mzungu aliruhusiwa kuona na Mwafrika akakatazwa. Hofu ilikuwa wazi: mtu mweusi akimwona jambazi akimshinda sheriff, na ukumbi mzima unapiga makofi, atarudi nyumbani na mawazo gani? Marekani yenyewe ilishtuka. Ile kanuni ya maadili ya Hollywood iliyoandikwa 1930, na kuanza kukazwa 1934, ilitaka uhalifu usionyeshwe kwa njia ya kumfanya mtazamaji aupende. Serikali hazibishani na vitu ambavyo havina nguvu.

Na hiyo nguvu bado inafanya kazi. Leo kijana wa Ukambani anaitwa mwizi wa mchanga ama mchoma makaa haramu, na mara nyingine ni kweli anaharibu mto na msitu ambao jirani yake anautegemea. Lakini habari yake huanza akiwa ameshikwa, amekaa chini ya lori, kichwa ameinamisha. Hatujui alitoka nyumba gani asubuhi, deni ni la nani, na lile lori lililobeba ni la nani. Kamera imefika wakati wa risasi ya mwisho. Kwa formula hiyo, hata Cisco Kid angekuwa adui tu.

Kumpa mtu story nzima si kumtakasa. In Old Arizona ilidanganya: ilimpendezesha muuaji kwa kumchafua msichana aliyekufa. Hiyo ndiyo hatari ya upande wa pili, na tuiogope pia. Muvi nzuri ya jangili wa Tsavo ingekuonyesha njaa yake na ndovu aliyeanguka, zote mbili, bila kukukonyeza.

Kitu kimoja cha kufunga. Kwa sheria ya Marekani, haki miliki ya In Old Arizona imeshaisha. Hadithi ya O. Henry ilikuwa huru kitambo. Maana yake ni kwamba msee yeyote mwenye laptop na maikrofoni pale Mutomo ama Emali anaweza kuichukua, aikate, aisimulie kwa Kikamba, na amwambie mtazamaji wazi kabisa vile Tonia alichezwa. Hiyo ni mazoezi mazuri ya bei ya bundles.

Ukishazoea kusimulia jambazi wa wengine, tafuta susu ama umau aliye hai bado, umuulize kuhusu ng'ombe, kuhusu vifaru, kuhusu jamaa waliofungwa kwa sababu ya upinde. Rekodi. Muulize kama angekuwa anapiga hiyo muvi, staring angekuwa nani. Halafu usimkatize.